Maneno ya Baba Mkwe Nyuma ya Migomba

Baba mkwe wangu alitangaza saratani yake kanisani, katikati ya matangazo ya kawaida, baada ya lile la kina mama kufagia uwanja na kabla ya lile la ndama aliyepotea. Katibu alikuwa bado anageuza karatasi zake. Mzee akasimama kwenye benchi la mbele bila kuitwa na mtu, akaongea Kiswahili, ingawa ibada nzima ilikuwa imekwenda kwa Kinyakyusa.

"Nina saratani ya tezi dume," akasema. "Si presha, si ngiri, wala sijarogwa. Wiki tatu zile nilizopotea nilikuwa Mbeya nafanyiwa upasuaji. Nimesema mwenyewe ili msipate taabu ya kunong'ona. Mkiniona nimening'iniza mfuko huku ubavuni, ni wa mkojo. Ndaga fijo."

Ndaga fijo, asanteni sana, kama mtu aliyekaribishwa chai. Kisha akaketi. Kwaya ikaanza wimbo ambao haukuwa zamu yake, na sote tukasimama kuimba kwa sababu hakuna aliyejua jambo lingine la kufanya.

Mimi nilikuwa nyuma kabisa, upande wa wanawake, nimejikinga na nguzo. Nilimkasirikia. Nasema ukweli, huruma ilikuja baadaye. Pale kanisani nilikuwa na hasira tu, hasira ya mtu aliyeibiwa, na sikujua nimeibiwa nini. Chini ya blauzi yangu, kwenye titi la kushoto, kulikuwa na uvimbe niliokuwa nao kwa miezi minne. Ulianza ukubwa wa punje ya kakao. Daktari wa Mbeya alikuwa ameshachukua kinyama, akakipima, akaniambia jina lake na akaniambia titi lazima liondolewe, mapema, kabla uvimbe haujatuma watoto kwapani na kwenye mapafu. Akanipa na tarehe. Aliyejua habari hizo ni mume wangu peke yake, naye ni dereva wa lori la mchele, yuko barabarani siku nyingi kuliko anazokuwa nyumbani. Wengine wote walijua nina vidonda vya tumbo.

Lazima niseme kidogo kuhusu mkwe na mkamwana, maana asiyejua ataona sisi wawili tulikuwa wehu. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto hamtazami baba wa mumewe. Haongei naye, halitamki jina lake, hapiti alipo. Mkikutana njiani, wewe mwanamke unaingia kwenye migomba, unageuka, unasubiri nyayo ziishe. Ni heshima, si ugomvi. Kwetu Ngana tulishaacha zamani. Baba yangu anapeana mikono na wake za kaka zangu na kuwatania juu ya chumvi kwenye mboga. Lakini niliolewa Ngonga, kwenye nyumba ambayo mambo haya bado yana nguvu, na mama mkwe alinifundisha yote katika wiki ya kwanza kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. Nilicheka kimoyomoyo. Mimi mwalimu, nafundisha darasa la nne, nina cheti. Miaka kumi na minne baadaye nilikuwa siujui uso wa baba mkwe wangu. Niliujua mgongo wake, kofia yake, na kikohozi anachokitoa kwa makusudi anapokaribia, ili nipate nafasi ya kujificha.

Kama kuna neno la lazima na hakuna mtu wa kulipeleka, kwenye nyumba ile neno linaambiwa kitu kingine. Kuku, mbuzi, hata jembe. "Wewe kuku, mvua hiyo inakuja na nguo ziko kwenye kamba." Mhusika anasikia, anafanya, na hakuna aliyeongea na mtu.

Na kuna sheria moja iliyonitesa kuliko zote. Kama niko ndani ya jiko na yeye yuko nje, sitoki. Nasubiri aondoke. Jiko letu limejengwa peke yake nyuma ya nyumba, tofali hadi kifuani, juu yake fito zilizoachana kwa ajili ya moshi, na mbele yake kuna vigogo viwili vitatu vya migomba. Ng'ambo ya migomba hiyo ndiko kilipo kichanja cha kuanikia kakao.

Wiki ile ile ya tangazo la kanisani, saa kumi jioni, nikiwa namenya ndizi za mbalaga, zile za kupika, nikasikia kikohozi. Nikakaa kimya. Kwa kawaida angegeuza kakao zake kwa dakika tano na kwenda zake. Safari hii akazigeuza, halafu akaanza kuongea.

"Mpira huu wa mkojo," akasema, "usiku unavutika. Ukigeuka vibaya unaamka na kelele."

Nilidhani yuko na mama mkwe. Nikachungulia chini kwa chini kwenye fito, nikaona miguu miwili tu. Yuko peke yake. Akaendelea, sauti ya kawaida, akieleza jinsi mfuko unavyomwagwa, jinsi ulivyojaa siku moja ndani ya bajaji mjini Kyela na dereva akasimamisha akamsaidia bila kusema neno. Mimi mkamwana wake, kisu mkononi, nasikilizishwa mkojo wa baba mkwe. Masikio yaliniwaka. Nikagonga sufuria kwa mwiko wa ugali ili ajue kuna mtu ndani. Akanyamaza mpaka nilipoacha kugonga, kisha akaendelea pale alipoishia.

Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Nikaanza kuchanganyikiwa. Mzee amerukwa na akili? Au dawa? Au anajua? Wazo hilo la tatu lilipoingia halikutoka. Nikampigia mume wangu, ambaye alikuwa Makambako na lori limeharibika.

"Umemwambia baba yako habari zangu?"

"Nimwambie baba habari za titi la mke wangu?" akasema. "Nitaanzia wapi?"

Nikamwamini, halafu nikaacha kumwamini, halafu nikamwamini tena. Mama mkwe hakujua, hilo nilikuwa na uhakika nalo, maana mama mkwe akijua jambo, Ngonga nzima hadi ziwani wanajua kabla ya chai. Ila kuhusu ugonjwa wa mumewe hakuwa akisema lolote. Mtu akimuuliza mzee anaendeleaje, alijibu kwamba mpunga mwaka huu umekubali.

Tarehe yangu ilikuwa Jumanne. Niliaga kwamba nakwenda mjini kufuata barua ya kikazi, nikapanda bodaboda mpaka stendi ya Kyela, nikasimama mbele ya basi la Mbeya. Kondakta akachukua begi langu. Nikamnyang'anya. Akauliza, "Mwalimu, unasafiri au husafiri?" Nilisimama pale nikijiuliza mambo ya kijinga kabisa: nani atasahihisha madaftari, sidiria zangu nitazifanyaje, mume wangu atanilalia upande gani. Basi likajaa, likaondoka, na mimi nimesimama na begi langu.

Sikutaka kuonekana, basi nikaingia kwenye duka la vitenge la karibu. Mwenye duka ni mama mmoja wa Kiislamu, mtu wa mjini, babu zake walitoka pwani. Alikuwa akimpimia kitenge mteja mwingine, na mteja akamwambia amependeza, amepungua. Yule mama akacheka. "Nimepungua kweli," akasema, akijipiga kifua upande wa kulia. "Hili halipo. Nilikatwa mwaka juzi, saratani. Hii unayoiona ni soksi ya mume wangu, nimeijaza pamba. Ikinichosha naitoa naiweka kwenye droo." Kisha akachana kitenge kwa meno na kuuliza kama anataka na uzi wake.

Nilitaka kumwambia ajisitiri. Nilitaka pia kumshika kifua nione. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilinunua kitenge nisichokihitaji na kutoka mbio. Nikarudi nyumbani na fungu la usipa wabichi waliotoka ziwani asubuhi ile, mama mkwe akawasifu, na mimi nikaingia jikoni kuwakaanga nikiwa sijielewi kabisa. Mwanamke anasema "halipo" kama anayesema sukari haipo. Anapata wapi ujasiri huo? Au si ujasiri, ni uchovu? Sikujua, na bado sijui.

Jioni ile ile kikohozi kikaja.

Mzee alianza na kakao zake. Zilikuwa zimetoka kuvundikwa, ule uchachu wake ulinijaa puani pamoja na usipa. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe:

"Walinitoa kokwa zote mbili."

Mwiko uliniponyoka.

"Daktari alisema ndizo zinazoulisha ugonjwa. Nikamwambia afadhali nife. Nikakaa siku mbili nimegeukia ukutani. Nilidhani nikirudi hapa ng'ombe watanikataa. Nimerudi, ng'ombe wamenijua, mbwa kanijua, na mwenye nyumba kaniletea uji, akanigombeza kwa kuchelewa kuunywa, vile vile kama zamani. Nikasema, kumbe alichokuwa anakigombeza miaka yote ni mimi mwenyewe, hakikuwa kile walichokata."

Mkamwana hasikii maneno kama hayo. Hakuna mkamwana Ngonga wala Ngana aliyewahi kusikia maneno kama hayo kutoka kwa kinywa kile. Kama ningekuwa mwanamke wa heshima ningeziba masikio kwa kanga. Usipa wakaungua. Nikaanza kulia, halafu katikati ya kilio nikacheka, kwa sababu nilimwona akilini mama mkwe na bakuli lake la uji, halafu nikalia tena. Kwenye kona ya jiko kulikuwa na kuku anayeatamia, ananitazama kwa jicho moja.

"Wewe kuku," nikamwambia, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Walipokukata, iliuma?"

Nje kakao zikaacha kugeuzwa. Nikajilaumu papo hapo. Nilichouliza hakina njia ya kurudi. Kisha nikasikia kakao zikigeuzwa tena.

"Kakao," mzee akasema, "mwambie anayeuliza. Siku ya kukatwa huumwi, umelala. Siku ya pili inauma hasa, usidanganywe. Siku ya nne nilitaka nyama ya kuku." Akasukuma kakao upande wa pili. "Bila kumkosea yule wa huko ndani."

Basi ikawa hivyo. Kwa karibu miezi miwili, jioni nyingi, mimi na kuku, yeye na kakao. Nilimuuliza kuku kama usiku anaogopa. Kakao zikaniambia kwamba anaogopa sana saa ya alfajiri, basi anaamka anafagia banda. Kakao zikaniambia kwamba joto linampanda ghafla, jasho linamtiririka kama mwanamke aliyekoma hedhi, na sasa anajuta alivyomcheka mkewe miaka ile. Nilijifunza kutoka kwa mkwe wangu mambo ambayo hakuna daktari aliyenieleza: kwamba unaweza kuogopa na kumenya ndizi, yote kwa pamoja. Kila alipoondoka nilikuwa na nguvu. Kila nilipotoka nje na kukuta uwanja mtupu, nguvu zilipungua na aibu ikaja. Namfanya nini mzee huyu? Yeye ananifanya nini? Je, tunavunja mwiko, au tunaushika? Nilikuwa na hakika tu kwamba anajua yangu na kwamba anayasema yote yale kwa ajili yangu. Lakini hata siku moja hakuuliza.

Hospitali wakanipigia, wakanipa tarehe nyingine. Daktari mwenyewe alichukua simu. "Mwalimu," akasema, "safari hii usipokuja sitakupigia tena kukubembeleza. Nitakuwa sina cha kukata." Mume wangu akaahidi tutakutana Mbeya kesho yake akitoka Dar. Nyumbani nikasema nakwenda kwenye semina ya walimu.

Nilipanda basi mapema, nikaketi nyuma. Kufika Tukuyu, wakati watu wanashuka kununua parachichi, ndipo nilipoiona kofia. Kiti cha pili kutoka kwa dereva. Nilijifunika kitenge usoni, mtu mzima nimejikunja kama mgonjwa wa malaria. Ilikuwa siku yake ya kliniki, na mimi sikuwa nimeuliza, maana utamuulizaje kuku tarehe?

Mbeya tukashuka. Akatangulia na fimbo yake, nami nyuma hatua ishirini, nikitumaini kwamba ataingia geti jingine. Hakuna geti jingine. Tukapita lile lile, tukafuata mshale ule ule, tukafika kwenye ukumbi ule ule wenye kibao kilichoandikwa saratani kwa herufi kubwa. Kila hatua nilisema nageuka sasa. Sikugeuka kwa sababu moja isiyo na maana: kama ningegeuka, angesikia viatu vyangu vikirudi.

Mabenchi ya pale yamepangwa kwa kupeana migongo. Akaketi la kwanza. Nilitafuta nafasi ambayo sitauona uso wake, na nafasi hiyo ilikuwa moja tu, nyuma yake kabisa. Tukakaa hivyo, mgongo kwa mgongo, karibu kuliko tulivyowahi kukaa.

Nesi akaja na mafaili. Alikuwa msichana mgeni huku kwetu, lafudhi ya Kanda ya Ziwa. "Babu, umekuja na nani leo? Ukichomwa sindano hii huwezi kurudi peke yako."

Mzee akakohoa, kile kikohozi chake. "Mwanangu," akamwambia nesi, "nyuma yangu ameketi mwanamke. Ni mke wa mwanangu. Simtazami, ila nimesikia viatu vyake tangu stendi. Hebu niulizie. Amekuja kunisindikiza, au naye ni mgonjwa?"

Hakuwa anajua. Miezi miwili yote hakuwa anajua lolote, na mimi nilikuwa nimeegemea ukuta ambao haukujengwa kwa ajili yangu. Nikajiona mjinga. Na papo hapo nikaona njia ya kutokea, pana kabisa, mzee mwenyewe ameifungua: niseme nimekuja kumsindikiza. Ningemrudisha nyumbani, mama mkwe angenishukuru, Ngonga nzima ingenisifu. Watu wa mabenchi ya jirani walikuwa wameshageuka kutazama. Nesi alinisubiri na kalamu yake.

"Mwambie ni mgonjwa," nikasema. Nikarudia. "Mwambie nina saratani ya titi. La kushoto. Nimekuja likatwe."

Nesi akatutazama, mmoja mmoja. "Jamani, si huyu hapa? Kwa nini usimwambie mwenyewe?"

Nilisikia mgongo wa mzee ukitulia dhidi ya ubao wa benchi.

"Mwambie anisamehe," akasema. "Nilikuwa namchosha. Nilikuwa sina wa kumwambia. Kanisani nilisema, wakaanza kuimba. Mke wangu akisikia jina la ugonjwa anatoka nje. Wanangu wanatoka nje. Yeye peke yake, akiwa jikoni na mimi nikiwa pale, mwiko haumruhusu kutoka."

Mtu mmoja pembeni akacheka, akajiziba mdomo. Mimi sikujua nicheke au nikasirike, kwamba nilifungiwa miezi miwili kwenye moshi ili mzee apate masikio. Nilitaka kusema kwamba jioni hizo nilifikia kumsubiri. Kwamba jioni asizokuja niliunguza chakula kwa kutegea kikohozi. Hakukuwa na kuku pale ukumbini, na nesi alishaondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Fimbo yake ikateleza kwenye benchi, ikaanguka upande wangu, karibu na mguu. Akaurudisha mkono nyuma juu ya ubao, bila kugeuza kichwa, kiganja wazi, vidole vimejaa weusi wa kakao usiotoka kwa sabuni. Sikujua anaomba fimbo au anaomba kitu kingine. Fimbo ilikuwa hapo hapo, ningeiokota bila hata kuinuka.

Nikampa mkono wangu. Aliushika mpaka namba yangu ilipoitwa, akitazama mbele, nami nikainuka nikaenda kusaini fomu ya upasuaji.